Kengele ya Baba Mkwe

Jina la baba wa mume wangu silitaji. Anayejua desturi za Wanyakyusa hataniuliza kwa nini. Asiyejua nitamwambia mara moja: mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, halitamki jina lake, na wakielekea kukutana njiani, mwanamke huiacha njia. Ni heshima. Nami sikuwahi kuiona nzito, maana baba mkwe wangu alikuwa mtu rahisi sana kumkwepa. Hakuwa akienda popote.

Alikaa. Tangu umande mpaka kuku wanarudi bandani, alikaa upenuni mwa nyumba kubwa, bao mbele yake, na ng'ambo ya bao rafiki yake Hezroni. Nilijua alipo kama ninavyojua ilipo milima nyuma ya kijiji chetu, Matema. Nikitaka maji, nazunguka nyuma ya nyumba. Nikitaka kuni, napita migombani. Hatukusumbuana.

Lakini mama mkwe wangu, Marta, alikuwa akimtazama kila siku, na aliyoyaona hakuyapenda.

"Mwanaume huyu alikuwa akipanda mlima nyuma ya ndama kama mbuzi," aliniambia siku moja tukitwanga mpunga. "Leo akitoka ndani, tumbo linafika mlangoni, yeye bado anakuja."

Nilicheka mpaka mtoto wangu Zebedayo akaamka mgongoni.

"Cheka tu, binti wa wafinyanzi," alisema. "Mtoto huyo atabatizwa sikukuu ya mavuno. Babu yake ndiye wa kumpokea kanisani, na kanisa liko juu, mlimani. Unajua amesema nini? Abebwe kwa machela, kama Mdachi!"

"Nani atambeba, mama?"

"Vijana walikuja kumwangalia. Wakasema wanakwenda kutafuta miti ya machela. Hatujawaona tena."

Miaka ile Wadachi walikuwa wamekwisha kujenga boma lao huko milimani, na mume wangu Andongwisye alikuwa huko akifyatua matofali. Mimi nilibaki na wazazi wake, na jioni nyingine nilikwenda darasani. Darasa letu la wanawake lilikuwa la misheni, karibu na ufuko, na aliyelishika alikuwa Mama Veronika, mjane wa mwinjilisti, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali. Tuliandika kwa makaa juu ya vigae vya vyungu vilivyovunjika. Tukichoka na herufi, tulipika. Alitufundisha kusaga usipa mkavu, vile visamaki vya ziwa, tukatia unga wake katika uji wa watoto. Alitufundisha kutoutwanga mpunga mpaka uwe mweupe kama pamba, na kuupa ugali marafiki: maharage, mboga za maboga, ndizi.

"Na mwili," alisema akijipiga nyonga, "ni mtumbwi. Ukiuacha nchi kavu, jua linaupasua. Utieni majini! Tembeeni!"

Maneno hayo niliyabeba nyumbani kama kaa la moto kwenye kigae. Nilimwambia mama mkwe. Akasimamisha mchi.

"Hayo maneno yanaweza kumfikisha mume wangu kanisani?"

"Nafikiri, mama."

"Basi sikiliza. Majirani wananisema kila siku, eti: Mkwe wako anakwenda kuchorachora vigae, wewe unapika peke yako! Nimevumilia. Siku ya ubatizo, mwanaume huyu akifika kanisani kwa miguu yake, utakwenda darasani mpaka uote mvi. Asipofika, jioni zako ni za kinu. Tumeelewana?"

"Ndaga, mama," nilimshukuru kwa Kinyakyusa. Nilikuwa nimefika kwenye kusoma neno zima bila kuliumauma. Jioni zangu za kinu sikutaka hata kuziwaza.

Lakini utamfundishaje mtu ambaye huwezi kumtazama wala kusema naye?

Kwa chakula haikuwa kazi. Mama mkwe alimpakulia, mimi nilipika. Mchele ukapungua, maharage yakaongezeka, samli ikaonyeshwa sahani tu. Nilisimama nyuma ya ukuta wa mianzi na Zebedayo mikononi, nikasikia mzee akikoroga.

"Mke wangu, wali umekwenda wapi?"

"Umo humo, tafuta."

"Nimekutana na majani, nimekutana na samaki, wali sijauona."

Hapo nikamwambia mwanangu kwa sauti ya juu, kama afanyavyo mwanamke mwenye neno la kumfikishia mkwe wake: "Zebedayo, mwanangu! Mwenye kula usipa na majani, miguu yake huwa myepesi. Atakupeleka kanisani!"

 Kisha mzee naye akasema, "Mjukuu wangu, mama yako anapika kama mtu anayelisha sungura." Lakini nilisikia akikwangua sahani.

Kutembea ndiko kulikokuwa kugumu. Hapo mama mkwe akatumia akili. Alimwita Hezroni pembeni, na kesho yake bao halikuwepo upenuni. Lilikuwa kwa Hezroni, ng'ambo ya kijito, nyuma ya mashamba ya mpunga.

"Goti langu limekataa kuja huku," Hezroni alituma maneno. "Mwenye kuogopa kufungwa abaki kwake."

Baba mkwe alikaa asubuhi nzima akiutazama uwanja mtupu. Alasiri akaita fimbo yake. Mama mkwe alikuja jikoni akikimbia, mkono mdomoni: "Amesimama! Ugwe wewe, amesimama!"

Siku ile alirudi akihema kama mvukuto. Siku zilizofuata alihema kidogo. Baadaye akaanza kwenda na asubuhi pia, maana Hezroni alikuwa akimfunga. Mama mkwe akawa anaimba akipepeta.

Aliyekosa raha sasa nilikuwa mimi. Yule mtu niliyejua alipo kama mlima, mlima ulikuwa umeota miguu! Nikienda kijitoni, yuko kijitoni. Nikichepuka migombani, fimbo inagonga migombani. Niliruka mitaro, nilijifunika kaniki mpaka machoni, nilisimama ndani ya mahindi nikisubiri mtu anayependa kupumzika kila baada ya hatua chache. Somo langu lilikuwa likifaulu, na kila lilipofaulu nilizidi kujificha.

Siku moja nilitoka kwa mama yangu ufukweni na chungu kipya kichwani, kimejaa usipa. Kwenye kona ya njia ya migombani nikakutana na baba mkwe uso kwa uso.

Sikufikiri. Niliruka shambani, kwenye tope la mpunga, mimi na Zebedayo na chungu. Chungu kikapasuka. Usipa wakatawanyika kama wamerudi ziwani. Naye mzee, kwa kugeuka haraka ili asinione, akakumbatia mgomba, mgomba ukakubali uzito, wakaanguka wote wawili. Zebedayo peke yake ndiye aliyefurahi. Alicheka na kupiga makofi juu ya mgongo wangu.

Kufika jioni kijiji kizima kilijua. Wanawake kijitoni waliniuliza kama nimeanza kupanda usipa. Mama mkwe hakucheka.

"Watu wanasema nyumba yangu haina heshima tena," alisema taratibu, na utaratibu ule uliniumiza kuliko kelele. "Mkwe na mkwe kutazamana njiani! Bora mwanaume mnene aliyekaa mahali pake. Bao litarudi upenuni. Na darasa, mwanangu, basi."

"Mama, sikukuu imekaribia. Bado kidogo tu."

"Basi, nimesema."

Niliingia ndani, nikamnyonyesha Zebedayo, machozi yakimdondokea masikioni. Kile kigae changu cha mwisho nilikiegemeza ukutani. Nilikuwa nimeandika juu yake neno moja: *tembea*.

Bao lilirudi kweli. Lakini asubuhi iliyofuata, nikiwa napepeta, nilisikia kengele ya ng'ombe upande wa shamba letu. *Kolo, kolo, kolo.* Nikasema, ng'ombe wa nani huyu anakula mpunga wetu? Nikashika ufito, nikatoka mbio nikipiga kelele, "Toka! Toka, we mlafi!"

"Rut! Rudi!" mama mkwe alipiga ukelele kutoka mlangoni. "Siyo ng'ombe! Ni mkwe wako!"

Nilijitupa nyuma ya ghala na ufito wangu. Kengele ikasimama. Kisha nikasikia sauti ya mzee, akimwambia mkewe kwa sauti ya kunifikia:

"Mke wangu! Hii ni kengele ya fahali wangu wa zamani. Nimeifunga kwenye fimbo. Mwenye masikio atanisikia kabla ya kuniona. Nani basi atasema nyumba yangu haina heshima? Bao nimelirudisha kwa Hezroni. Kukaa kumenichosha magoti."

Mama mkwe alishika kiuno. Alitazama upande wa ghala, akatazama njia, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Haya," aliniambia baadaye. "Kengele ni kengele. Lakini patano letu liko palepale. Kanisani kwa miguu."

Siku ya mavuno tulitoka mapema, jua halijashika. Wanaume walitangulia, sisi wanawake tukafuata, kona moja nyuma yao, mimi nikiwa na Zebedayo aliyevalishwa nguo nyeupe. Juu yetu kengele ilikuwa ikipanda. *Kolo, kolo.* Tulipita migomba ya mwisho, tukaanza mawe. Ziwa likafunguka chini, lote. Kila mlio wa kengele ulikuwa kama herufi ninayoisoma: hii, na hii, na hii.

Mahali ambapo njia inasimama kama ukuta, kengele ikanyamaza.

Tukasimama. Wanawake wakanitazama. Mama mkwe akafumba macho. Sikuweza kwenda kutazama. Baina yetu palikuwa na kona moja na desturi nzima. Nikasikia sauti ya Hezroni, "Kaa basi, ndugu yangu, tutakuitia watu." 

Nilimwinua Zebedayo juu ya kichwa changu.

"Zebedayo!" niliita, na sauti ikagonga mawe. "Mwanangu! Mwenye kuchoka apumzike, si dhambi! Avute pumzi, anywe maji kidogo! Kisha hatua ndogo, mwanangu, ndogo kama zako! Kanisa halikimbii!"

Zebedayo, ambaye hakuwa ameelewa lolote, alijibu kwa kelele zake kubwa za furaha.

Tulingoja. Ndege mmoja alilia, akaacha. Kisha, polepole: *kolo.* Na tena: *kolo.* Mama mkwe alifumbua macho, akapiga vigelegele vilivyofika ng'ambo ya ziwa.

Kanisani walikuwa wametundika mkeka kati ya wanaume na wanawake, ili wakwe wasitazamane. Nilimpitisha mwanangu chini ya mkeka, na mikono mikubwa, yenye jasho, ikampokea. Miguu ya baba mkwe niliiona chini ya mkeka. Imejaa vumbi la mlima mzima. Niliinamisha macho haraka, lakini nilikuwa nimeiona.

Baada ya maji na Amina, baba mkwe alimwambia mjukuu wake, na kanisa zima likasikia:

"Zebedayo, mwambie mama yako, ndaga fijo. Mwambie pia, jioni za darasa mimi nitatembea kwa njia ya ufuko. Ya migombani ni yake."

Akakohoa kidogo.

"Na mwambie majani yale apunguze. Sungura mwenyewe hula mara mojamoja kitu kingine."

Jioni ya darasa iliyofuata, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeninyang'anya mchi. "Nenda, jua linakwisha," alisema. Nilipita njia ya migombani katikati kabisa, bila kuinamisha kichwa, Zebedayo mgongoni. Mama Veronika alikuwa akigawa vigae wakati tuliposikia kengele kwa mbali, chini ufukweni, ikienda taratibu. Wanawake wote wakainua vichwa.

"Ziko mbili," alisema mmoja.

Tukasikiliza. Kweli, nyuma ya ile nzito palikuwa na nyingine ndogo, yenye haraka, kama ya mbuzi. Hezroni naye alikuwa na wakwe.