Buti Namba Tisa

Afande Gichuru, msimamizi wetu wa kampuni ya ulinzi, aliniambia mbele ya wenzangu, saa ya kubadilishana zamu, kwamba navuta mguu kama fisi.

"Baada ya wiki sita kuna test ya mwili," akasema. "Hatua ishirini, kuchuchumaa, kusimama na mguu moja. Ukianguka, contract imeisha."

Wakacheka. Mimi Kanyiva nimelinda lango la jengo lile la Westlands miaka minne, na hakuna gari lililowahi kunipita bila kukaguliwa. Nilikasirika zaidi kwa sababu alisema kweli. Nyonga ya kulia ilikuwa inaniua, na dawa za kuchua nilikuwa nimezimaliza zote sokoni Kawangware.

Ghorofa ya pili kuna jimu, na humo yumo msichana anayeitwa Debra. Kazi yake ni kutazama watu wanavyotembea na kuinama, kisha kuwarekebisha kwa mazoezi. Siku hiyo hiyo alisimama langoni akanitazama mpaka nikaudhika.

"Auntie, toa viatu utembee."

"Hapa, wageni wakiona?"

"Si uzitoe tu."

Nikavua. Mabuti namba tisa, miguu namba tano. Soksi pea mbili zikatoka, na gazeti nililokuwa nimelisokomeza mbele.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni yangu. Stoo walikuwa na za wanaume peke yake. Kwetu unachukua ile umepewa."

Alinitembeza pekupeku mara tatu, akapiga magoti kutazama nyayo zangu. Vidole vya kulia vilikuwa vimejikunja kabisa. Akaniambia vinashikilia buti lisichomoke, kisigino hakikanyagi vizuri, na mzigo wote unaiangukia nyonga. Nikakumbuka kwamba kila asubuhi natoka nyumbani Satellite kwa miguu nikiwa na raba zangu kuukuu, napita mtaa wa Lavington wote bila maumivu, nyonga inaanza kuuma nikishavaa sare na mabuti. Miaka minne nilisingizia uzee! Ujinga huo ni wangu, sina wa kumlaumu.

Basi nikaanza mazoezi aliyonipa. Vidole juu, kisigino chini. Kusimama kwa mguu mmoja nimeshika lango. Kuchuchumaa polepole, goti lisiingie ndani. Wenzangu wakaniita mcheza ngoma, na mimi nikacheza mbele yao kila siku. Mara mbili nilimwomba Gichuru mabuti ya saizi yangu.

"Buti ni buti," alinijibu mara zote mbili.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Siku ya mtihani tulipangwa foleni kwenye uwanja wa kampuni. Jina langu lilipoitwa, nikaketi chini nikaanza kufungua kamba.

"Kanyiva! Hiyo ni nini?"

"Afande, unapima mimi ama unapima buti?"

Nikatembea hatua ishirini juu ya kokoto, mguu haukuvuta. Nikachuchumaa, nikainuka bila kushika kitu. Nikasimama kwa mguu wa kulia, ule ule wa fisi. Akahesabu mpaka thelathini, akaishia hapo.

"Endelea kuhesabu," nikamwambia.

"Shusha mguu. Kazini hutembei miguu tupu. Vaa urudie."

"Sivai."

Kazi ile ndiyo ugali wangu. Lakini mguu sikuushusha. Nyuma yangu nikasikia kamba zikifunguliwa. Peres, mlinzi mwenzangu, alikuwa amevua, kisha Wahu, kisha wanawake wote wa foleni, na soksi na magazeti yakatapakaa kwenye kokoto. Gichuru akayatazama, akachukua kalamu, akaandika kwamba nimepita.

"Bado," nikasema. "Andika na namba ya mguu wangu."

"Ni ngapi?"

Miaka minne, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu wa kampuni kuniuliza.

"Tano," nikamjibu, mguu wa kushoto ungali juu.