Kiatu cha Kushoto cha Mazengo

Simu ilimkuta Mazengo shambani kwake Kintinku, Jumanne asubuhi, akipura uwele. Aliyepiga ni Antipasi, Mnyamwezi wa Kilimatinde, mtani wake wa miaka arobaini na ushei.

"We Mgogo," Antipasi alisema, sauti iko chini kabisa, "mimi nakufa. Njoo uchukue kiatu chako."

Mazengo alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Basi kufa upesi, nina hamu na ubwabwa! Ila usife siku ya mnada, nina mbuzi wa kupeleka." Akakata simu, akarudia uwele wake.

Msimlaumu haraka, jamani. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na kwa watani tusi ndiyo salamu. Isitoshe, Antipasi alikwisha kumfanyia mchezo huo. Miaka mitatu nyuma alituma ujumbe kwamba amefariki. Mazengo akaupanda mlima wa Kilimatinde kwa miguu, jogoo kwapani, analia njia nzima, akamkuta marehemu kakaa mkekani anamega ugali kwa mlenda.

"Afadhali umekuja na kitoweo," marehemu akasema. "Ukitaka kujua nani anakupenda, kufa kidogo."

Mashauri yake yote yalikuwa ya namna hiyo, hayana kichwa wala miguu. Ukipotea porini, alisema, anza kula chakula cha mtu, mwenyewe atatokea. Ukitaka kujua umri wa mbuzi, mwulize anayemuuza, kisha zidisha mara tatu. Watu walicheka, na wengine, Mungu awasamehe, waliyafuata.

Na kiatu? Hicho kina kesi yake. Mwaka themanini na moja, siku ya harusi ya Mazengo, Antipasi alimkwapulia bwana harusi kiatu cha kushoto mlangoni mwa kanisa, akatimua mbio. Mazengo akafunga ndoa mguu mmoja una soksi tupu. Mtani akichukua chako huna pa kushtaki, lakini askari mmoja mgeni, katoka chuoni juzi tu, hakujua nani mtani wa nani. Akamweka Antipasi ndani kwa wizi wa kiatu kimoja. Bwana harusi ikabidi aiache pilau yake, aende kituoni akichechemea.

"Afande, huyu si mwizi. Ni mtani."

Askari akaandika, akafuta, akaandika tena, mwisho akawafukuza wote wawili. Kiatu hakikurudi. "Nitakurudishia siku nitakayokufa," Antipasi alisema, na kila alipodaiwa kiatu alijibu hivyo hivyo.

Alhamisi simu ikalia tena. Safari hii ni Theresia, mke wa Antipasi. "Shemeji, mwenzangu ametutoka alfajiri," alisema.

Theresia hakuwa mtu wa mzaha. Mazengo aliketi palepale kwenye makapi. Kiatu! Mtu alimwambia waziwazi njoo uchukue kiatu, naye akamjibu habari za ubwabwa. Kilimatinde si mbali, angepanda bodaboda angefika kabla jua halijawa kali.

Siku ya maziko watu walikuwa wakimngoja. Msiba bila mtani unapoa, na alipotokea tu wakashangilia, "Mtani kaja!" Kazi yake aliijua: kuingia kaburini, kulala humo, kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Akaingia. Alikuwa amepanga kusema kaburi ni fupi, Mnyamwezi huyu ana miguu mirefu ya kukimbia jembe. Alipolala kwenye ule udongo wa baridi, maneno yote yakampotea, akaangua kilio.

"Aliniita nikamcheka!" alilia. "Kaningoja siku mbili nzima, mimi napura uwele!"

Watu wakavunjika mbavu. Godfrey, mpwa wa marehemu, alifuta machozi ya kicheko. "Lo! Mzee huyu anajua kulia!"

"Ni kweli, jamani! Nalia kweli!"

Weee! Ndiyo kwanza walizidi. Kila alivyoapa ndivyo walivyoshikana mabega wasianguke.

Theresia peke yake hakucheka. Alisogea hadi ukingoni, wanawake wawili wamemshika, akatoa kitu ndani ya khanga. Kilikuwa kiatu cheusi cha mtindo wa zamani, kinang'aa.

"Alikipaka rangi mwenyewe Jumanne," alisema. "Akakiweka mlangoni. Nikataka kukupigia, shemeji, akanikatalia. Akasema, 'Mwache, anakuja huyo. Anatafuta jogoo wa kuja naye, kama siku ile.'"

Mazengo alikipokea, akajaribu kukivaa mlemle kaburini. Mguu ulikuwa umevimba kwa uzee, vidole tu ndivyo vilivyoingia. Kicheko kikalipuka upya.

Godfrey akamnyooshea kuku, amefungwa miguu. "Haya, mzee wangu, haki yako hii. Toka tumzike."

"Sitaki kuku," Mazengo alisema, kiatu amekikumbatia kifuani.

"Anataka mbuzi!" mtu akapiga kelele huko nyuma, na watu wote wakacheka. Ilibidi wanaume watatu waingie kumtoa, na hata walipokuwa wakimbeba walikuwa bado wanamsifu kwa kuijua kazi yake.