Vidole vya Mwalimu Shee

Usingizi haumchukui Nargis kwa kishindo. Unamjia taratibu baada ya sala ya adhuhuri, akiwa ameinamia karatasi ya mazoezi, na kabla hajautambua brashi imekwisha kulala kando naye anatembea juu ya mstari mweusi wa karatasini, ambao sasa ni njia pana yenye unyevu wa wino. Hata humo njiani anakumbuka kwamba saa kumi ana mtihani wa kuandika Kichina kwa brashi mbele ya Mwalimu Wen. Akifaulu atakwenda Uchina miaka mitatu kusomea utunzaji wa miswada ya kale. Akishindwa, nafasi itakwenda kwa mwingine. Maumbo ya herufi anayajua. Linalomshinda ni mwendo wake: mstari wa kulala wa Kichina huanzia kushoto, na mkono wa Nargis, uliolelewa juu ya ubao wa chuo cha Kurani huko Siyu na marehemu baba yake, Mwalimu Shee, huanzia kulia. Kwa kalamu angeficha. Brashi haifichi, kwa maana pale inapotua wino huvimba, na Mwalimu Wen huona. Jana mwanafunzi mwenziwe, Kombo, alichungulia kazi yake akasema, Bi Nargis, hiki Kichina chako kimepitia Makka kwanza, na darasa zima likacheka, naye akacheka nao, kisha akaenda msalani kuosha uso.

Njia inamfikisha katika mji wa kuta zisizo na mapaa, na watu wote wa mji huo anawaona migongo tu. Akimpita mtu ili amtazame usoni, anakutana na mgongo mwingine. Anamwuliza mmoja aliyebeba ndoo ya wino, Ndugu, mbona hamna nyuso? Tunazo, anajibu mwenye ndoo bila kugeuka, ni wewe unayeingia njia zetu kwa upande wa mwisho. Na kutoka ni wapi? Kutoka ni kumaliza shamba. Shamba lipi? Ulisimamialo. Nargis anatazama chini na kutambua kwamba yumo ndani ya herufi ile ile aliyoiacha mezani, herufi ya shamba, mraba uliogawanywa vipande vinne, mistari mitano tu, ila kuta zake zimefutika na sharti azijenge upya kwa kuzitembea. Boma kwanza, anasema mwenye ndoo, kisha walio ndani waingie, na mlango ufungwe mwisho. Ukienda kinyume, unaanza tena.

Anaanza, na papo hapo anauhisi mkono wa baba yake umemshika kifundo, vidole vitano vyenye joto, kama alivyomshika akiwa na miaka sita. Mstari wa kwanza unateremka sawa, na kidole kimoja kinabanduka. Wa pili unapanda bega la shamba na kukunja, na cha pili kinabanduka. Hapo ndipo anapoelewa bei ya mtihani wake. Unapofika mstari wa tatu anauacha mkono uanzie kulia, kuta zinaanguka kimya kimya, vidole vyote vinarudi, na furaha yake inamtia aibu. Anaanza tena, anaharibu tena, na njia inarudi pale pale, na vidole vinarudi pale pale. Hii ni mara ya ngapi? anauliza. Hatuhesabu, anasema mwenye ndoo, tunazeeka tu.

Basi safari moja anajikaza, anaupitisha wa tatu, anauteremsha wa nne, machozi yakimtoka, mpaka kinabaki kidole gumba peke yake na mstari wa mwisho, mlango. Baba, anasema, nikivuta huku utaondoka. Sauti inatoka nyuma yake, kavu, ile ya kukemea wanafunzi wasiosoma. Wewe mtoto, nani kakwambia niko hapo? Mimi nilikuachia mkono ulipoandika herufi be yako ya tatu. Ulikuwa umetoa ulimi kama mbuzi, hukutambua, nami nikanyamaza, nikaenda zangu kunywa kahawa. Kumbe hiki kidole ni cha nani? anauliza Nargis. Kitazame, mwanangu, hujakitazama hata mara moja. Nargis anatazama kifundo chake. Kilichokishika ni mkono wake mwenyewe wa kushoto, na kucha zake zimezama katika ngozi.

Anaufungua. Mkono wa kulia, mtupu, unaona baridi. Unakwenda kutua kushoto na kupita chini ya shamba lote bila wa kuusukuma, na mji mzima unaanza kugeuka, na kabla hajauona uso wa kwanza Kombo anamgusa bega. Bi Nargis, saa kumi kasorobo, mwalimu anaita. Mezani herufi imekamilika, mstari wa mwisho umevimba kushoto kama inavyopasa. Umekuwa hapo tangu lini? anamwuliza Kombo. Tangu ulipouanza mstari huo, nikaona haya kukukatiza. Macho yangu yalikuwa wazi? Kombo anaanza kumkusanyia karatasi. Nargis anagusa wino, na wino ungali mbichi. Mlango umefungwa, hilo halina shaka. Asilolijua, anapoinuka kwenda kwenye mtihani, ni upande gani wa mlango huo anaosimama, wa ndani ya shamba au wa nje.