Zinapungua Tatu

Kwa siku kumi walimu wa Kiingereza wa Mbeya na Iringa tulisahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, kwenye bwalo la shule moja mjini Iringa. Tulikaa kwenye meza ndefu, kila mwalimu na swali lake, ukimaliza unamsukumia jirani. Mimi, Tumpe wa Uyole kule Mbeya, nilipewa swali la sita. La saba alipewa Kalinga, mwalimu kutoka upande wa Tosamaganga, mrefu, mpole mpaka anakera.

Swali la sita lilikuwa la “also” na “too”. Sisi tuna “pia” yetu moja, tunaitupa popote kwenye sentensi na hakuna anayenuna. Waingereza wana mambo: “also” wanapenda ikae karibu na kitenzi, “too” ijikalie mwishoni. Watoto walikuwa wamevuruga vibaya sana, na mimi nilikuwa nawakata maksi kwa raha zangu.

Siku ya pili Kalinga akanirudishia karatasi.

“Madam, huyu mtoto kaweka ‘also’ mwishoni. Siyo kosa hivyo, ni vile tu wenyewe hawaiweki sana huko.”

“Mwongozo wa kusahihishia unasema ‘too’.”

“Mwongozo kauandika binadamu.”

“Basi mpe wewe hiyo maksi, na soda umnunulie!”

Nilipiga meza, kikombe kikaruka, chai ikamwagikia pembe ya karatasi ya mtoto wa watu. Kesho yake akaja na ubishi uleule, na keshokutwa tena. Hasira zangu nazijua, lakini hizi zilikuwa za ajabu, maana nikirudi bwenini nacheka peke yangu kama mwehu. Kufikia siku ya saba nilikuwa nachana nywele mara mbili kabla ya kwenda kusahihisha. Nilimpenda, ndiyo, nimesema. Yeye sasa! Nje ya “also” na “too” hakufungua mdomo.

Siku ya kumi ilikuwa ya mwisho. Basi langu la Mbeya lingepita kituo cha Ipogolo saa saba mchana, na baada ya hapo ningemwona wapi tena? Saa nne Mwalimu Jackline, mkuu wa meza yetu, akapiga makofi kwamba tumemaliza. Akahesabu karatasi. Akahesabu tena.

“Zinapungua tatu. Hatoki mtu hapa.”

Walimu wazima, wenye vitambi na familia zao, wakaingia chini ya meza. Mikoba ikamwagwa, madirisha yakachunguliwa. Mimi nilisema mgongo unaniuma, nikabaki kwenye kiti.

Katika vurugu hiyo Kalinga akafungua faili lake, akanisogezea karatasi.

“Madam, huyu kaweka ‘also’ mwi...”

Kwenye pembe ya karatasi kulikuwa na doa la chai. Chai yangu.

“Kalinga! Ni mtoto yuleyule?”

“Ndiyo.”

“Siku zote hizi?”

“Wengine wote uliwasahihisha vizuri,” akasema, uso umemwiva. “Sikuwa na sababu nyingine ya kuongea na wewe.”

Kalamu nyekundu ikanidondoka. Baadhi ya waliokuwa chini ya meza wakachomoza vichwa.

“Na sasa hivi unataka nini?” nikamuuliza, kwa ukali, maana sijui kuuliza vingine.

“Nataka kuja Uyole. Kujitambulisha nyumbani kwenu.”

Mtu akapiga kigelegele chini ya meza. Jackline akainyakua ile karatasi yenye doa, akaipachika kwenye rundo.

“Madam Tumpe, utamjibu baadaye. Bado mbili!”

Sikuwa na namna. Nikanyanyuka kwenye kiti, mbele ya wote, nikamkabidhi Jackline karatasi mbili zilizokunjamana, zenye joto. Nilikuwa nimezikalia tangu saa mbili asubuhi ili tusimalize.