Dakika Kumi na Tano za Shangazi

Nimeajiriwa. Si ya kujaribiwa, si ya "tutaona mwezi ujao", ajira kamili, na juu yake nimepewa vipindi vyote vya dini nivisimamie mimi. Bosi wetu pale redioni tunamwita Bwana Kimya, kwa sababu hakuna anachokiogopa duniani kama redio kunyamaza. Aliniita ofisini, akasogeza kikombe chake pembeni, akasema, "Kipindi cha shangazi yako hakijawahi kuletewa lalamiko hata moja. Hivi vingine kila wiki napigiwa simu. Sijui unafanyaje, ila endelea hivyohivyo."

Nilitoka mle ofisini miguu haigusi chini.

Sasa, ili uelewe kwa nini nilikimbilia nyumbani, ujue kwanza tunavyokaa. Ni vyumba vitatu, baraza moja. Kulia yuko shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyenilea na kunisomesha mpaka chuo. Ni mhubiri, na ana dakika kumi na tano kila wiki kwenye redio yetu. Kushoto yuko Fundi, mshonaji, mtu wa dini nyingine, ambaye amenitilia viraka tangu sijang'oka meno ya utoto. Mimi niko katikati. Kuta zenyewe mbao nyembamba, jirani akikohoa unampa pole bila kuinuka kitandani. Nikiwa na habari nachukua kitana, nagonga ukuta wa kushoto, nagonga wa kulia, na wote wawili wanatoka barazani. Shangazi hutoka akinung'unika, "Haya, tangazo la leo lipi?" Fundi hutoka na pini mdomoni.

Siku ile hata kitana sikukifikia. Fundi alikuwa barazani na cherehani yake, anafumua gauni la bluu.

"Fundi, nimeajiriwa."

"Acha wee." Akaweka mkasi chini. "Kaa hapa. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Nikaanza mwanzo na kweli sikuruka kitu. Nilipofika pale Bosi anaposhangaa kwamba hakuna malalamiko, tukacheka wote, nami nikasema, "Wangejua ninavyomkatakata Shangazi kabla hajaenda hewani."

"Unamkata nini?"

"Si yale ya kwamba njia ni moja tu na ndiyo yetu. Hayo nayaacha."

"Hayo hata mimi huyasikiliza nikipiga pasi. Yeye ananipeleka motoni kwa njia yake, mimi nampeleka kwa yangu, tutakutana hukohuko tuendelee na umbea." Hakucheka tena. "Nimeuliza, unamkata nini?"

Mimi nikifurahi mdomo hauna breki. Nikamwambia vile mtu anavyosimulia alivyoficha zawadi. Kwamba siku hizi Shangazi anasema watu wa dini ya kina Fundi wasipangishwe nyumba, wasipewe kazi, kwamba ni kunguni kwenye godoro. Kwamba mimi nikifika hapo nakata, naunga na kipande cha wimbo, na mtu husikii hata palipoungwa. "Muda wote huo nimekukinga," nikasema, "na wewe huna habari."

Fundi aliinua lile gauni.

"Unajua hili la nani? La yule mama mwenye duka, anayesali kwa shangazi yako. Amelirudisha, eti limembana. Kabla yake wamekuja wawili kuchukua vitambaa vyao, hata mkasi sijavitia. Mimi nipo hapa nafumua, nashona, nafumua tena. Nikasema basi, macho yangu yameanza kuzeeka."

"Lakini redioni hayakutoka, Fundi. Hata neno moja."

"Redioni. Na huko kwenye ibada yake, nani anamkata?" Akalikunja gauni taratibu, mkono wake mmoja juu ya mwingine. "Mwanangu, shangazi yako namwamkia kila asubuhi. Bomba likikauka namgawia maji yangu. Ungeniachia nimsikie, ningejua naishi na nani. Hukunikinga mimi. Umemkinga yeye."

Hapo pazia la kulia likasogea. Shangazi hajawahi kujisikiliza redioni, saa ya kipindi huwa yuko kwenye maombi. Kwa hiyo na yeye alikuwa anaisikia habari hii kwa mara ya kwanza, akiwa na kanga ya kulalia begani.

"Nani anayekatwa?"

Nikasimama. "Shangazi, kuhubiri imani yako ni haki yako, hakuna anayekuzuia. Lakini kuwaambia watu wasimpangishe jirani, hiyo si imani tena. Chuo walitufundisha..."

"Chuo nilikupeleka mimi."

"Najua, Shangazi."

"Nikikosea, Mungu ana mdomo, atanikemea mwenyewe. Wewe unaingia kwenye maneno yangu na mkasi, kimyakimya, halafu unakuja kula mezani kwangu."

Fundi akasema, "Nami nipo hapa, jirani. Niambie mwenyewe, bila redio."

Shangazi aliliangalia gauni, akaangalia sakafu. "Sikukusema wewe. Niliwasema wao."

"Wao ndio mimi."

Pazia likarudi lilipokuwa. Fundi akabeba cherehani yake peke yake, na ni ya chuma, nzito, akaiingiza ndani. Nilipotaka kushika upande mmoja akasema, "Acha tu." Nikabaki barazani na ajira yangu.

Siku ya kurekodi Shangazi alikuja studio amevaa vizuri kuliko siku zote. Alinisalimu hivi: "Habari za kazi, msimamizi." Kumbe habari yangu aliipata, ila ndivyo alivyonipongeza. Nilimwekea maiki sawa kama kawaida, nikaenda nyuma ya kioo, na kabla sijawasha chochote nikamwambia, "Safari hii nakwambia mapema. Ile sehemu ya wasipangishwe na wasipewe kazi haitakwenda. Mengine yote yanakwenda kama utakavyosema, hata kikohozi sikigusi."

"Ama yote ama basi."

"Shangazi, Fundi anakaa mlango wa tatu kutoka kwako."

Alinitazama kupitia kile kioo. Akavua vile vipokea sauti vya masikioni, akavizungushia waya wake vizuri, kama nilivyomfundisha mimi, akaondoka.

Bwana Kimya alishika kichwa. Dakika kumi na tano. Saa ya kipindi nikajaza kinanda kitupu, hakuna mwimbaji, hakuna neno. Simu zikaanza kulia. Mmoja anasema tumelifungia mdomo neno la Mungu. Mwingine anauliza yule mama mhubiri mliwahi kumpa redio kwa nini, sisi tunaosali naye tunajua anayoyasema. Mwingine anataka jina la kile kinanda. Malalamiko ya kwanza kabisa ya kipindi cha shangazi yangu, na yeye mwenyewe hayumo.

Sasa niambie, habari kama hiyo mtu unakaa nayo vipi? Njia nzima nilikuwa naipanga, nianze na Bwana Kimya kushika kichwa au nianze na mtu wa kinanda. Nikafika. Baraza tupu, pale cherehani ilipokaa miaka yote pamebaki alama nne za miguu yake.

Niliingia chumbani, jua bado lipo. Nikachukua kitana. Nikagonga kushoto, nikagonga kulia.

Kushoto cherehani ikanyamaza. Kulia nikasikia kandambili za Shangazi zikija, moja, nyingine, zikasimama mlangoni kwake. Nami nikafungua wangu, nikatoka, nikasimama katikati ya baraza na kitana mkononi, tayari.

Kulia komeo likafungwa kwa ndani. Kushoto cherehani ikaanza tena.