Fundo la Sukari

Mwananyamala nzima haijapata mwanamke mwenye mwendo wa kupendeza kama wangu. Vijana walikuwa wakiacha bao lao kunitazama. Haya, kijana alikuwa mmoja, naye alinitazama kwa sababu nachechemea.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala, nami sijavunja ungo, nilipoanguka kutoka kwenye mkorosho. Nilificha maumivu mpaka nyonga ikaanza kupinda. Shangazi akatangaza kwamba ni kilema cha ukoo wa mama. Baba yangu, Muhdhar, alikuwa na duka. Wateja waliinung'unikia ratili yake kuwa nyepesi, lakini fundo lake walilisifu: kitanzi cha masikio mawili juu ya kila kifurushi cha sukari, na hakuna mwenye duka mwingine aliyeliweza. Siku hiyo hakubishana na dada yake. Alifunga duka, akanipakia kwenye baiskeli hadi hospitali ya mjini.

Daktari alinisimamisha kwa mguu mmoja, kiuno kikalala upande. Akanipiga picha ya mifupa, akaiinua dirishani. Shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia nyongani, ilikuwa imeinama kama mpini wa upawa uliosahauliwa karibu na moto. Hakuzaliwa hivi, akasema, ameumia. Baba akamwomba ayaandike maneno hayo kwenye karatasi, ampelekee shangazi.

Nikalazwa. Mguu ukafungwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo mwisho wa kitanda, na kwenye ncha yake ukaning'inia mfuko wa mchanga, uuvute mguu taratibu. Kila Ijumaa nesi Jovina, binti wa Bukoba mwenye vidole vya baridi, alinipima miguu yote miwili na kuandika. Mguu uligoma kushuka. Daktari akasema ukiendelea hivyo, atapasua.

Kila alasiri baba alikuja na halua, akaniuliza kama unauma.

"Unauma, baba."

Basi alikwenda kukaa kule mwisho wa kitanda, akanipa mgongo, akanisomea dua. Baada ya muda maumivu yalilegea kweli. Nikajua baba yangu ana dua kali kuliko sindano.

Kisu hakikunigusa, nawaambia mapema msije mkakosa usingizi. Kilichobaki ni huu mwendo wangu, na kasoro yake haizidi konzi moja ya mchanga.

Ijumaa moja Jovina aliunyanyua ule mfuko, akaupimapima mkononi. Akamwamkia baba kwa adabu zote, kisha akauliza:

"Mzee, mchanga umepungua. Nani anaufungua mfuko huu?"

"Sijui, mwanangu," baba akasema, akiitazama tasbihi yake. "Mie hata kuugusa sijaugusa."

Jovina aliugeuza mfuko polepole, upande wa mdomo ukamwelekea baba. Kamba ya hospitali ilikuwa imefungwa kitanzi safi, masikio mawili yamesimama kama yanasikiliza.