Uzi wa Timazi Uliotoa Tumbo

Mzee Muhidini alifika Shangani asubuhi na nyundo ya kubomolea begani, hana salamu wala hodi. Ukuta aliojenga na kuupaka rangi mkwewe Suleimani, kwenye kiwanja ambacho mzee aliwapa yeye na mkewe, ulikuwa umepinda, na leo lazima ushuke. Ukishuka, alishatangaza barazani, na ndoa inashuka nao. Hawezi kumwachia binti yake fundi asiyejua kunyoosha tofali.

"Uone! Umepinda mpaka mjusi akiupanda anashikwa kizunguzungu. Juzi kunguru katua pale juu, kateleza, kaenda kuangukia Msumbiji!"

Suleimani alikuwa amechuchumaa kando ya karai la zege, macho chini. Kwao, kujibizana na baba mkwe ana kwa ana ni kukosa adabu. Akamgeukia mkewe.

"Farida, mwambie baba ukuta umenyooka."

"Mwambie mumeo mimi si kiziwi!"

Farida, ambaye kazi yake ni kuchunguza macho katika maabara moja huko Dar, alikuwa nyumbani likizo. Alimtazama baba yake akiinamisha kichwa upande kama kuku anayewinda punje.

"Baba, sukari yako ulipima lini?"

"Sukari na ukuta wapi na wapi?"

"Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna utando unaopokea picha. Seli zake zikivimba kwa maji, ngozi zao zinavutika. Kwenye ngozi hizo kuna vijilango vinavyohisi ule mvuto. Basi chumvi inafunguliwa njia, inatoka, maji yanaifuata, seli inanywea. Ila sukari ikishachakaza mishipa, maji yanavuja mpaka vijilango vinaelemewa. Utando unavimba, na kilichonyooka unakiona kimepinda."

"Yaani jichoni mwangu kuna mageti kama ya kiwanda cha gesi Madimba, na walinzi wamelala? Nimekusomesha uje kumtetea mwanamume!"

Akainua nyundo.

Suleimani akanyanyuka, akaning'iniza uzi wa timazi kwenye msumari juu ya ukuta. Kile kizito cha chuma kikayumba, kikatulia. Hata Mzee Muhidini, aliyejenga nusu ya Mikindani kwa mdomo wake, alijua kwamba uzi wenye kizito hakuna fundi awezaye kuupinda.

Akautazama. Uzi ulikuwa umetoa tumbo katikati.

"Na huu umeuroga, shetani wewe!"

"Funika jicho la kulia, baba," alisema Farida.

Akafunika. Uzi ukanyooka, na ukuta ukasimama nao sambamba. Akafunika la kushoto. Vyote viwili vikapinda. Akarudia, akarudia tena. Nyundo ikashuka taratibu mpaka mchangani. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Farida," alisema, akimpa Suleimani mgongo, "mwambie mumeo awashe pikipiki anipeleke hospitali. Na mwambie ukuta nimeusamehe, yeye bado. Rangi aliyopaka ni mbaya, na hiyo naiona kwa macho yote mawili."